Pikipiki ya porini kwa Kigoma na Tabora: ya kuchanganya oili au ya mipigo minne?

Swali hili hupamba moto msimu wa minada. Mradi umefungwa, shirika limeondoka, halmashauri inauza vyombo chakavu, na uani zimepangwa pikipiki zile ndefu zenye matairi ya vijino na madigadi ya plastiki yaliyopauka kwa jua. Upande huu za kuchanganya oili: Yamaha DT125, AG100 na Suzuki TF125. Upande ule za mipigo minne: Honda XL125, Yamaha AG200, mara mojamoja XTZ125. Mnunuzi anabonyeza shokapu, anapiga kiki, anasikiliza, kisha anamgeukia fundi aliyekuja naye: "Fundi, tuchukue ipi?"

Mimi najibu kwa kuuliza kwanza anaishi wapi. Ukiwa mwambao wa ziwa, ya kuchanganya oili bado ina maisha. Ukiwa Kasulu, Kibondo, Kakonko, au kokote Tabora, chukua ya mipigo minne. Nguvu ya injini haiamui hapa. Kinachoamua ni fundi, oili na vumbi.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Pikipiki ya mipigo miwili, yaani injini inaunguza petroli kila pistoni inapopanda na kushuka mara moja, mtaani tunaiita "ya kuchanganya" hata kama ina tangi lake la oili na pampu ya kuipeleka kwenye injini, ule mfumo ambao Yamaha wanauita Autolube. DT, AG100 na TF zote zilitoka kiwandani na pampu. Ila zikishapita mikono mitatu minne, nyingi pampu imeng'olewa au mwenyewe haiamini tena, basi anachanganya oili moja kwa moja kwenye tangi la petroli. Ya mipigo minne inaunguza kila baada ya kupanda na kushuka mara mbili; oili yake inakaa chini kwenye injini, na petroli inaingia peke yake.

Ukifungua injini

Ya kuchanganya ukiifungua juu unakutana na pistoni, ringi, pini na silinda yenye matundu. Hakuna valvu, hakuna kamshafti ya kuzifungua, hakuna cheni ya taimingi ya kuizungusha. Fundi mwenye spana chache na mikono mitulivu anaweza kuishusha hedi na silinda chini ya mwembe, akabadilisha ringi na kurudisha siku hiyohiyo. DT125 ina silinda ya milimita 56. Ikilika, inachongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi kwa hatua za 0.25, kisha 0.50, na kuendelea. Kazi ya kuchonga inataka mashine na mtu anayejua kupima, lakini hiyo ni safari moja ya kubeba silinda kwenye mfuko, injini nzima ikibaki nyumbani.

Ya mipigo minne ina mengi zaidi juu: valvu mbili, springi zake, sili zake, roka zinazozisukuma, kamshafti, cheni ya taimingi na kikazio chake. Kila kimoja kinachakaa kwa mwendo wake. Ubora wake ni kwamba vinachakaa polepole. XL iliyobadilishwa oili kwa wakati inaweza kukaa miaka bila kufunguliwa hedi, wakati ya kuchanganya inayofanya kazi ileile ungekuwa umeshaibadilisha ringi zaidi ya mara moja.

Kuna jambo moja kwenye valvu ambalo sichoki kulisema. Nafasi kati ya roka na valvu kwenye pikipiki nyingi za ukubwa huu iko kati ya milimita 0.05 na 0.15, injini ikiwa baridi kabisa, na kila aina ina kipimo chake kwenye kitabu. Kinapimwa kwa fila geji, kipande chembamba cha chuma. Sasa mteja anakuja: "Fundi, inagonga tik tik, inaniaibisha." Fundi anataka kumridhisha, anakaza mpaka mlio unapotea. Mteja anaondoka amefurahi. Valvu ya moshi ikikosa nafasi haifungi vizuri, na kwa kuwa joto lake hutoka pale inapogusana na kiti chake, inaanza kuungua. Baada ya muda pikipiki haina pumzi, kiki imekuwa nyepesi, na kazi imekuwa ya kubadilisha valvu na kusaga kiti. Injini inayolia kidogo ina afya kuliko iliyonyamazishwa. Ukichagua ya mipigo minne, nunua fila geji yako mwenyewe, hata kama huwezi kuitumia. Mpe fundi, simama pembeni.

Oili, ambako pesa nyingi hupotea

Hapa Kigoma kuna bahati ambayo Tabora hawana. Mashine nyingi za boti za wavuvi ni za mipigo miwili. Ukishuka Kibirizi, Katonga au Ujiji, ukaenda kusini hadi Sigunga, Buhingu na Kalya, utakuta mafundi wanaojua kusikiliza injini ya kuchanganya, wanaojua pistoni iliyokamata, yaani iliyonasa ndani ya silinda, inafananaje, na maduka yanayouza oili ya 2T, ile ya mipigo miwili. Kwa mtu wa mwambao, DT125 haiwi yatima.

Lakini bahati hiyo ina mtego. Oili ya mashine za boti huandikwa TC-W3 kwenye chupa. Imetengenezwa kwa ajili ya injini inayopozwa na maji ya ziwa, ambayo haipandi joto sana, na haina viungo vya kuacha majivu. DT na AG100 zinapozwa kwa hewa. Zikipanda mlima na gunia nyuma, joto la pistoni linazidi kile oili hiyo ilichotengenezewa, ringi zinaanza kunata kwenye mifereji yake. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO FC au FD, alama za viwango vya oili vya Kijapani. Mwuzaji atakwambia "zote ni 2T tu, mzee". Kwenye kifuniko ni kweli, kwenye pistoni si kweli. Basi azima fundi wa boti, oili yake mwachie.

Kuhusu kipimo: moja kwa hamsini ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, moja kwa ishirini na tano ni mililita 40. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Wengi hukadiria kwa jicho, na wanaoogopa kukamatisha pistoni humimina zaidi wakidhani wanaongeza usalama. Wanachoongeza ni moshi, plagi inayolowa, na ekzosi inayoziba masizi mpaka pikipiki inakosa nguvu mlimani. Tena petroli ikijaa oili, petroli yenyewe inayofika kwenye moto imepungua, na kupungua kwa petroli ndiko kunakopandisha joto. Nunua bomba la sindano kubwa duka la dawa, lisilo na sindano, pima nalo. Liweke chini ya kiti.

Ya mipigo minne kwa upande huu inapumzisha akili. Inataka karibu lita moja ya oili ya injini, na oili hiyo ipo kila penye kijiwe cha bodaboda, yaani kila mahali. Chagua ya pikipiki, yenye maandishi JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo; baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi huanza kuteleza. Ubaya wake unatoka kwa mwenye pikipiki. Kwa kuwa hachanganyi chochote, anasahau kwamba oili ipo. Inapungua taratibu, haiachi doa chini, na siku injini inapolia ameshachelewa. Kwenye injini nyingi za zamani za Honda za ukubwa huu, kamshafti inazunguka moja kwa moja ndani ya aluminiamu ya hedi, bila beringi. Ikikosa oili inajichimbia njia, na hapo huchongi kitu: unatafuta hedi nyingine. Hedi nyingine ya XL kwa mkoa wetu ni maneno ya simu na watu wa Dar, kisha kusubiri basi. Kuwa mwisho wa reli kuna maana yake.

Vumbi la Tabora

Mtu wa Sikonge, Kaliua au Ulyankulu anaendesha kwenye mchanga na vumbi laini miezi yote ya kiangazi, mara nyingi nyuma ya lori la tumbaku. Kwake sina mjadala mrefu: mipigo minne.

Sababu iko kwenye njia ya hewa. Kwenye injini ya kuchanganya, hewa na petroli huingia kwanza chini ya pistoni, zinapita kwenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), beringi zake na beringi ya chini ya konrodi (mkono unaoiunganisha na pistoni), ndipo zinapanda juu kuungua. Vumbi lililopita kwenye chujio linasaga kila kitu njiani. Injini inaanza kutoa mlio wa chuma huku chini, na krenki ya kufumua, kubadilisha konrodi na kuinyoosha upya si kazi ya chini ya mwembe. Inataka presi na mtu wa kupima unyoofu wake. Kwenye mipigo minne vumbi linaingia juu moja kwa moja. Linakula valvu, ringi na silinda, na sehemu yake linaishia kwenye oili, lakini oili unaimwaga. Beringi za krenki hazipigwi na mchanga mbichi.

Kwa vyovyote vile, chujio la sponji lifuliwe. Lioshe kwa mafuta ya taa, likamue bila kulinyonga, likauke, lipakwe oili, likamuliwe tena. Sponji kavu isiyo na oili haizuii vumbi laini, hata ikiwa safi kiasi gani. Nimeona nyingi zimetolewa kabisa "ili ivute vizuri", na kwa kweli inavuta vizuri: inavuta barabara nzima.

Watu wa Tabora wanaopasua mbao huniambia kwamba hata kwao 2T ipo, kwa sababu ya chenso. Ni kweli, na chenso inapozwa kwa hewa, kwa hiyo oili yake nzuri inaifaa pikipiki kuliko ya boti. Bado haiondoi vumbi.

Milima na maji

Kushuka kutoka milima ya Buhigwe na Heru ukiwa umefunga mafuta, yaani umeachia mkono wa mafuta, injini ya mipigo minne inakushikilia. Ya kuchanganya haishikilii sana. Breki ndizo zinazofanya kazi, na breki shuu zinaisha mapema. Kuna hatari nyingine kwa aliyechanganya oili kwenye tangi: ukifunga mafuta huku gia inaizungusha injini kwa kasi, petroli haipiti, na oili iliyomo ndani yake haipiti pia. Zoea kufungua mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi, au shika klachi uiache ipumue.

Masika yakifika mizani inageuka. Pikipiki ikizama kwenye kijito na kuvuta maji, ya kuchanganya unatoa plagi, unaisimamisha kwa gurudumu la nyuma, unapiga kiki mpaka maji yatoke, unafuta plagi, unamwaga kabureta, unaondoka. Ya mipigo minne ukiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe. Mwaga, weka mpya, endesha kidogo, mwaga tena. Kama hukubeba oili, utasukuma. Kwa wanaoishi kwenye mabonde ya Malagarasi hili si jambo dogo, na ndiyo hoja pekee inayonifanya nisite ninapowapendekezea mipigo minne.

Ubishi huu hata ng'ambo upo

Vijana hunionyesha kwenye simu video za trial, ule mchezo wa kupandisha pikipiki juu ya miamba bila kuweka mguu chini, wakiuliza kama zile zingetufaa. Hapana. Zina uzito wa kilo 70 hivi, hazina kiti cha kukalia, na tangi lake ni la lita mbili tatu. Kasulu hadi Kibondo hufiki. Ila ubishi wao ni huuhuu wetu. Mwaka 1965 mwendeshaji Sammy Miller alishinda Scottish Six Days Trial, mashindano ya siku sita kule Scotland, kwa Bultaco ya mipigo miwili, na zile nzito za Kiingereza za mipigo minne zikaanza kuachwa. Wepesi na urahisi wa kufungua ukawatosha wengi. Kisha Mhispania Toni Bou, ambaye ameshika ubingwa wa dunia mwaka baada ya mwaka tangu 2007, akaupata na kuutetea juu ya Montesa ya mipigo minne. Yeye ana mafundi na lori la spea nyuma yake. Sisi tunabishana huku spea iko safarini.

Spea na fundi wa karibu

Bodaboda zimeamua mambo mengi bila kutuuliza. Karibu zote ni za mipigo minne, kwa hiyo kijana aliyejifunza ufundi Kasulu au Nzega miaka hii amefungua mipigo minne tangu siku ya kwanza. Mletee DT inayotoa moshi mweupe mzito, atakwambia ringi. Fundi wa zamani angekuuliza kwanza kama oili ya giaboksi inapungua, kwa sababu sili ya krenki upande wa klachi ikilegea, injini inanyonya oili ya gia na kuichoma. Ikilegea sili ya upande wa magneti, inanyonya hewa, injini inakimbia yenyewe ukiwa umefunga mafuta, na pistoni inakaribia kukamata. Sili zote mbili ni vipande vya bei ndogo. Kubadilisha ringi bila kuzigusa ni kutupa ringi.

Usidanganyike, hata hivyo, kwamba XL inatumia spea za bodaboda kwa sababu zote ni 125. Plagi, balbu, cheni, nyaya za breki na klachi, hivyo unaweza kupata au kutengeneza. Pistoni, valvu na kamshafti hapana. Pikipiki nyingi za Kichina zina injini ya mtindo wa Honda CG125, ambayo kamshafti yake iko chini na inasukuma valvu kwa vijiti. XL ni injini nyingine kabisa. AG200 nayo ina spea zake, lakini ina jambo moja ninalolipenda sana: cheni yake imefunikwa yote, kama ya AG100. Kwa mtu wa mchanga na tope, cheni na spoketi ndizo zinazokula pesa kila msimu, na kifuniko hicho kinaziongezea maisha. Usikubali fundi akitupe kwa sababu kinamsumbua kufungua.

Na chaguo la tatu lipo: bodaboda ya kawaida iliyofungwa matairi ya vijino. Kwa anayetoka mjini kwenda shamba mara moja kwa wiki, inatosha, na spea ziko mlangoni. Shokapu zake fupi ndizo zitakazolalamika.

Mkifika mnadani

Kwa ya kuchanganya, omba ruhusa ufungue ekzosi pale inapoungana na silinda. Chungulia tundu la moshi huku mwenzako anasukuma kiki kwa mkono polepole. Utaiona pistoni yenyewe na ringi zake zikipita. Mikwaruzo mirefu ya kusimama ina maana ilishawahi kukamata. Kisha shika sahani ya magneti, jaribu kuipandisha na kuishusha. Ikicheza, beringi za krenki zimekwisha, na hapo bei ishuke sana au uondoke.

Kwa ya mipigo minne, fika mapema kabla hawajaiwasha. Gusa injini: ikiwa ya moto, kuna mtu ameipasha ili kuficha kitu. Iwashe baridi, tazama nyuma. Moshi wa bluu unaotoka mwanzoni na kupotea ni sili za valvu, hiyo ni kazi ndogo. Unaoendelea kila ukivuta mafuta ni ringi au silinda. Fungua kifuniko cha oili uchungulie ndani, halafu tazama skrubu za vifuniko vya valvu: zikiwa zimechakaa vichwa, ilifunguliwa mara nyingi na mtu asiye na spana sahihi.

Kwa zote mbili, linganisha namba ya injini na ya chesisi na zilizo kwenye kadi kabla hujanyoosha mkono, maana injini hubadilishwa. Na kama ina namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili, iliingia nchini kwa msamaha wa kodi ya mradi. Muulize dalali, mbele ya watu, nani atalipa kodi hiyo ndipo kadi iweze kubadilishwa jina. Bei iliyoonekana ya bure asubuhi mara nyingi haijahesabu hilo.